Ramani haisemi nani alikesha

Ndugu wasikilizaji, mwenye kiwanja ana vitu viwili anavyovitunza kwa wivu: hati yake iliyomo sandukuni, na bikoni zake zilizomo ardhini. Jirani akisogeza ukuta hata kwa hatua moja, tunaikimbilia karatasi. Karatasi ina mistari, ina namba kwenye kila pembe, ina muhuri wa serikali. Tunaiamini kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza namba zile zilitoka wapi, na ni nani aliyelala porini ili zipatikane.

Namba zile zilianzia juu ya vilele vya milima, mara nyingi usiku, katikati ya milio ya fisi, simba na viumbe ambavyo wageni hawakuvijua hata kwa jina. Na watu walioijua milio hiyo, ambao bila wao mpima ardhi asingemaliza hata wiki moja, majina yao hayamo kwenye ramani. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu, kisha ukapima pembe zake, unaweza kupata kwa hesabu urefu wa pande mbili zilizobaki bila kuzikanyaga. Ukisha kuzipata, kila upande unakuwa msingi wa pembetatu nyingine, na hiyo inazaa nyingine tena. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuvuka mabonde, mito na maziwa kwa macho tu, kutoka kilele hadi kilele, hadi amalize bara zima.

Mwaka 1879 mtaalamu wa nyota aitwaye David Gill, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota kule Cape, Afrika Kusini, alitoa wazo la kutandaza mlolongo wa pembetatu kama hizo kutoka Cape hadi Cairo, kwa kufuata mstari wa longitudo ya 30 Mashariki. Shabaha yake ilikuwa ni kuipima dunia yenyewe, kujua umbo lake na ukubwa wake. Lakini serikali za kikoloni ziliona faida nyingine: mipaka, mashamba ya walowezi, reli na kodi. Elimu na tamaa vilisafiri katika msafara mmoja, kama ilivyokuwa katika mambo mengi ya enzi zile.

Kazi ilikwenda vipande vipande. Kati ya mwaka 1903 na 1906 Tryggve Rubin aliuvusha mlolongo huo katika nchi ambayo leo ni Zambia, hadi jirani na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1908 na 1909 kundi lililoongozwa na ofisa wa jeshi la Uingereza, E. M. Jack, lilipima kipande cha magharibi ya Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikawa zamu ya Tanganyika, chini ya Martin Hotine. Pengo la mwisho, lile la Sudan, lilizibwa na Wamarekani mwaka 1954. Tangu wazo kutolewa hadi kazi kumalizika ilikuwa ni miaka 75. Gill mwenyewe alikuwa amekufa miaka 40 kabla yake.

Hesabu za mlolongo huo ndizo zilizozaa mfumo unaoitwa Arc 1960, ambao kwa miongo mingi umebeba ramani za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo, ewe mwenye kiwanja cha Temeke au cha Nakuru, kama michoro ya mtaa wako ilichorwa kwa mfumo huo, basi pembe ya kiwanja chako ina undugu na kilele fulani ambapo mtu alikesha na taa.

Na kwa nini alikesha? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mchana, jua linapopiga, hewa ya nchi zetu hucheza. Utaiona barabarani, lami ikimetameta kama maji. Ukitazama kilele cha mbali kupitia darubini ya theodoliti, nacho hucheza, na pembe haipimiki kwa uhakika. Kosa la sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii moja, katika umbali wa kilometa 50 linaisogeza alama kwa karibu robo mita. Hivyo basi, wapimaji walitumia vioo vya kurudisha mwanga wa jua katika saa zile chache ambapo hewa imetulia, na usiku walitumia taa. Mpimaji alikaa na theodoliti kwenye kilele kimoja, na kwenye kila kilele kingine alichotaka kukilenga ilibidi wawepo watu wa kuwasha taa, kuielekeza kwake na kungoja.

Kungoja huko, ndugu wasikilizaji, hakukuwa kwa saa moja. Ukungu ukishuka, taa haionekani. Moshi wa mioto ya nyika ukitanda, taa haionekani. Watu wachache walikaa kileleni siku baada ya siku, na pengine wiki, mbali na kijiji, mbali na maji, na unga wao umepimwa. Kazi yao ilikuwa kulinda mwali mdogo wa moto usizimike, na wao wenyewe wasiliwe.

Tufikirie masikio ya watu wale. Macho hayana kazi gizani, nje ya duara la moto wa kambi. Kilichobaki ni sikio. Simba akinguruma usiku uliotulia, sauti yake inaweza kusikika umbali wa kilometa 8. Maana yake ni kwamba simba unayemsikia si lazima awe simba wa kukudhuru. Huenda yuko bonde la tatu. Fisi naye huanza chini, akapandisha sauti juu, akakatisha, kisha mwenzake akaitikia upande wa pili. Mgeni huona amezingirwa. Mwenyeji hujua kwamba fisi wanaitana, na kwamba wakianza kucheka na kugombana basi wamekwisha pata mzoga na hawana haja na mtu. Komba hulia juu ya mti kama mtoto mchanga aliyetupwa. Ni watu wangapi, usiku wa manane, wametaka kutoka na kibatari kumtafuta mtoto huyo!

Mimi mwenyewe nimeonja kidogo maisha hayo. Mwaka 1975, wakati nchi yetu ilipokuwa katika pilikapilika za vijiji vya ujamaa na ardhi ikipimwa huku na huko, nilikuwa kijana niliyetoka shule, nikapata kibarua cha kubeba vyombo vya wapima ardhi katika milima ya Usambara. Usiku wa pili, nikiwa nimelala karibu na moto, nilisikia kitu kikikwaruza msituni kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole. Mkwaruzo ukaja tena, ukaenda haraka zaidi, ukapanda, hatimaye ukawa ukelele wa mtu anayenyongwa. Nywele zilinisimama. Nilishika panga.

Aliyekuwa zamu na mimi ni mzee mmoja wa Kisambaa, mvuta mnyororo wa siku nyingi, aliyeanza kazi hiyo tangu wakati wa Mwingereza. Hakuinuka. Alisema, “Lala, mjukuu wangu. Huyo ni perere. Hazidi ukubwa wa sungura, na anakula majani.”

Nikamwambia, “Babu, sungura hapigi kelele namna hiyo.”

Akacheka, akasema maneno ambayo sijayasahau: “Perere akipiga kelele, wewe lala. Perere wote wakinyamaza ghafla, amka uongeze kuni.”

Sikumwuliza kwa nini. Nilikuja kuelewa baada ya siku chache tu, msitu ulipokaa kimya katikati ya kelele, kama mtu aliyezimiwa redio. Mzee aliongeza kuni mpaka moto ukapita vichwa vyetu. Asubuhi tulikuta nyayo za chui kwenye tope, upande wa chini wa kambi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mzee yule hakuwa anatumia methali. Alikuwa anasoma habari.

Habari za namna hiyo zimo hata katika historia iliyoandikwa. Mnamo Desemba 1891 Kapteni Macdonald wa jeshi la Uingereza aliondoka Mombasa akiwa na mamia ya wapagazi na askari, kwenda kupima njia ya reli hadi Ziwa Viktoria. Waliipita nchi ya Tsavo, wakaendelea, wakarudi mwaka uliofuata, na reli ikaanza kujengwa mwaka 1896. Lakini msafara unaopita ni jambo moja, na kambi inayokaa mahali pamoja ni jambo jingine. Mwaka 1898, wakati daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, simba dume wawili wasio na manyoya ya shingoni walizoea kula watu. Waliuawa Desemba ya mwaka huo na J. H. Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja.

Patterson ameeleza jambo moja ambalo wengi hulipita wanaposoma kisa kile. Simba wale walikuwa wakinguruma walipokuwa mbali. Kadiri walivyokaribia kambi, ngurumo zilikoma kabisa. Wafanyakazi walijua, na kimya kile kilipoingia, walipigiana kelele za tahadhari kutoka kambi hadi kambi. Yaani kibarua wa reli, Mhindi au Mwafrika, alikuwa amejifunza somo lile lile la mzee wa Usambara: hofia kimya kuliko kelele.

Na sasa tazameni jinsi hesabu za wafu zilivyowekwa. Kumbukumbu za reli zilitaja Wahindi 28 waliouawa. Waafrika waliokufa hawakuandikwa idadi kamili. Baadaye Patterson alidai kwamba wote pamoja walikuwa 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba wale, ambao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba waliliwa watu kiasi cha 35. Simba wawili wana mahali pao pa heshima ndani ya kioo, na tunajua hata walikula nini miezi ya mwisho ya uhai wao. Mwafrika aliyeliwa hana hata namba.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya milio ni hadithi za kambini, na kwamba elimu ya kweli iko kwenye theodoliti. La hasha! Elimu yenyewe imekwisha kuwasuta wanaosema hivyo. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni tembo. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani aitwaye Katy Payne alikaa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya mji wa Portland, akahisi hewa ikitetemeka bila kusikia sauti yoyote. Alipochunguza kwa vyombo, ilibainika kwamba tembo huzungumza kwa sauti za chini mno, ambazo sikio la binadamu halizikamati, na ambazo huenda mbali kilometa kadhaa. Watu wanaoishi na tembo walikuwa wakieleza siku zote kwamba makundi yaliyo mbalimbali hugeuka na kuondoka kwa pamoja kana kwamba yameambiana. Kumbe kweli yameambiana.

Mfano wa pili ni komba. Kwa macho, komba wadogo wa misitu yetu wanafanana sana, na kwa miaka mingi vitabu viliwachanganya. Wataalamu walipoanza kurekodi milio yao usiku, ndipo walipotambua kwamba waliodhaniwa aina moja ni aina kadhaa. Miongoni mwao ni komba mdogo wa Rondo, mkoani Lindi, aliyetambulishwa rasmi kwa wanasayansi katika miaka ya 1990. Mlio wake ndio uliomtoa gizani.

Wa tatu ni perere huyu huyu aliyenishikisha panga. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza aina mpya ya perere huko Afrika Magharibi, kati ya mto Volta na mto Niger. Na walianzia wapi? Waliona kwamba perere wa huko hapigi ukelele kama wenzake, yeye hubweka. Sikio lilitangulia, kisha yakafuata mafuvu na vinasaba.

Sasa basi, tumweke mzee mvuta mnyororo mahali pake. Alijua kutofautisha simba wa mbali na wa karibu, mlio wa komba huyu na wa komba yule, kimya cha mvua na kimya cha chui. Elimu hiyo ilikuwa sehemu ya upimaji kama ilivyokuwa darubini. Taa isingebaki kileleni kama watu wangeikimbia kila komba alipolia. Pembe isingepimwa. Pembetatu isingefungwa. Na hati yako, ndugu yangu, isingekuwa na namba.

Ukizisoma taarifa za misafara ile, maofisa wametajwa kwa jina na cheo, na vyombo vimetajwa hadi aina ya lenzi. Wapagazi, walinzi wa taa, wafyeka vichaka na wavuta mnyororo kwa kawaida hutajwa kwa jumla, kama mizigo: wapagazi kadhaa, vibarua kadhaa. Hata majina ya vilima yaliyomo kwenye ramani yalitoka vinywani mwao. Mpimaji alinyoosha kidole, akauliza, akajibiwa, akaandika jina la kilima. La aliyemjibu hakuliandika.

Mtu anaweza kuuliza: haya yote yana faida gani leo, wakati setilaiti inatoa alama kwa dakika chache? Nami najibu kwamba faida ipo, na ipo karibu sana na mfuko wa msikilizaji.

Kwanza, bikoni na nguzo za zamani bado zinahitajika. Setilaiti inakuambia uko wapi leo. Haikuambii mpaka uliwekwa wapi mwaka 1938 au 1956. Mpaka uliopimwa kwa mfumo wa zamani unarudishwa kwa uhakika pale alama za zamani zinapopatikana. Lakini tunazifanyia nini alama hizo? Wapo wanaozing’oa kwa sababu ya chuma. Wapo wanaozichimba kwa kuamini kwamba Mjerumani alificha chini yake rupia au zebaki. Wapo wanaozisogeza usiku ili kumla jirani. Sheria inakataza, lakini kilele cha mlima hakina polisi. Nguzo ambayo watu waliilinda dhidi ya simba inakufa kwa sururu ya mtu anayetafuta mali isiyokuwapo.

Pili, migogoro ya ardhi kati ya kijiji na kijiji, kati ya mkulima na mfugaji, kati ya wanakijiji na hifadhi, mara nyingi huishia kwenye swali moja: mlima fulani ni upi, na nguzo ilikuwa wapi? Wanaojua ni wazee waliobeba mnyororo au kufyeka mistari, au watoto wao waliosimuliwa. Nimewahi kuhudhuria kikao cha mpaka ambapo wataalamu walibishana juu ya karatasi mbili tangu asubuhi, hadi bibi mmoja alipoomba ruhusa ya kusema. Alisema kwamba marehemu mumewe alikuwa akipeleka maji kwa watu wa taa, na akawataja mti na jabali alipokuwa akitua mtungi. Watu wakapanda pamoja naye hadi kwenye jabali. Chini ya majani kulikuwa na duara la saruji na kipande cha shaba. Kikao kikaisha kabla ya jua kuzama, na watu waliokuja na marungu wakarudi nayo begani.

Ndugu wasikilizaji, bibi yule hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. Aliomba tu ruhusa. Ni mashahidi wangapi kama yeye tunaowazika kila mwaka bila kuwauliza? Waliokuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1960, wale walio hai wamevuka 80. Kinachohitajika si fedha za wafadhili. Kinahitajika kijana mwenye daftari, au simu ya kurekodia, aketi na babu yake jioni amwulize: ulibeba nini, ulipanda mlima upi, nguzo mliiweka wapi, usiku mlisikia nini, na wenzako waliitwa nani. Halmashauri za vijiji zina masijala. Majina hayo yaandikwe humo, pamoja na vilima vyao.

Na wewe mwenye hati iliyomo sandukuni, ukipita karibu na bikoni ya saruji pembeni mwa shamba la watu, usiitazame kama jiwe la bure. Waambie watoto wasiichezee. Ukimkuta mtu anaichimba, mzuie, mwite mwenyekiti wa mtaa. Wapo watu walioiweka pale huku perere akiwapigia kelele usiku kucha, na asubuhi wakajitwika mizigo yao wakaelekea kilima kingine. Walilipwa ujira wa vibarua, basi. Jina lao wanatudai bado.